Mbele ya Kiti cha Baba

Chumba cha mbele,
kwenye meza ya cherehani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi yangu, na wanangu wawili wanaonijua kwa sauti tu. Hamjambo? Baridi imepungua? Mara ya mwisho ulisema kazini wamekuhamishia kwenye kupakia maboksi, unasimama tangu asubuhi mpaka miguu inavimba. Inaendeleaje? Mwambie wifi akukande kwa maji ya moto yenye chumvi, na usijifanye mwanamume. Kandwa.

Sisi huku hatujambo. Hilo "hatujambo" ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa hiyo lichukue kama salamu tu, usilichukue kama habari.

Najua umeshtuka kuona barua. Lakini unajua simu inavyopokelewa nyumba hii. Ukipiga tu, Baba anasema, "Weka spika," simu inalazwa katikati ya meza kama mgonjwa, sote tunaizunguka, naye yupo kwenye kiti chake anasikiliza majibu. Mwezi uliopita uliniuliza, "Baba macho yanaendeleaje?" Nikakujibu kwa sauti ya mtangazaji, "Macho mazima, anaona hata yasiyomhusu!" Mkacheka, naye akacheka. Mimi nilicheka meno tu. Kwenye simu ile sitakwambia kweli hata nikiishi miaka mia.

Hata sasa naandika mbele yake. Ameketi hapa upande wa dirishani, redio iko sikioni, anasikia kalamu yangu inavyokwaruza. Anadhani nakupa salamu. Na kweli nakupa salamu, ila zina mzigo.

Nyumba ni ile ile. Milango yote inafungukia sebuleni, na kiti cha Baba kinatazama milango yote. Ukienda chooni anajua, ukirudi anajua, na ukikawia anauliza. Cherehani yangu ipo hapa kwa sababu hapa ndipo penye mwanga, kwa hiyo kutwa nashona machoni pake. Sinung'uniki. Ndoa yangu ilipovunjika nikarudi na mtoto mgongoni, mzee hakuniuliza hata swali moja. Alisema tu, "Sogezeni meza, cherehani ipate mwanga." Nikikumbuka neno lile, ulimi unakuwa mzito zaidi.

Binti yangu yuko darasa la nne sasa. Jina lake limebaki kwa walimu. Mtaa mzima unamwita Utingo, na aliyempa jina ni babu yake. Unamjua mzee wetu na malori yake. Miaka yote ya safari ndefu hakuwahi kuondoa gari bila utingo pembeni wa kumwambia kushoto huru, nyuma kuna mtu, songa, songa, simama. Alikuwa akisema dereva asiye na utingo ni kichaa mwenye leseni. Basi alipoyaacha malori, nawe ukamnunulia kibasi cha kupeleka watoto shule, utingo wa kuajiri hakuwepo, akamchukua mjukuu. Akamketisha kiti cha mbele, akamfundisha kazi. "Utingo, ripoti!" Naye mtoto anaimba, "Baiskeli kushoto, Babu. Mama mwenye ndoo anavuka. Tuta linakuja. Mbele huru." Wazazi walikuwa wanasimama milangoni kuwaangalia wakipita, wanacheka mpaka basi. Hata mimi nilicheka.

Nani angejua kwamba mchezo ule umegeuka kuwa macho?

Mimi nilijulia kwenye kamba ya nguo. Nyuma ya nyumba, ukishatundika mashuka, ndipo mahali pekee ambapo kiti cha Baba hakifiki. Tulikuwa tunaanika, mimi upande huu wa shuka, yeye upande ule, sioni ila vidole vyake kwenye kamba. Akaniuliza, "Mama, mtu akisema anaona na haoni, huo ni uongo au ni ugonjwa?" Nikamuuliza nani huyo. Toka huko nyuma ya shuka akanimwagia yote. Kwamba asubuhi jua likiwa mbele yao, Babu haoni kitu. Kwamba akichelewa kidogo tu kutaja, Babu anafoka, "Ripoti, Utingo, ripoti!" Kwamba siku alipougua koo na sauti ikakauka, Babu alikiegesha kibasi pembeni, akawaambia watoto injini imechoka, wakakaa mpaka jua likapanda. Haruhusiwi kusinzia, wala kugeuka nyuma kucheza na wenzake. Akamalizia hivi: "Hata nikitaka kupiga chafya naogopa, Mama."

Kaka, hebu fikiria. Watoto wa watu wale, wote, wanaendeshwa na pua na koo la mtoto wa darasa la nne.

Nikaingia ndani na beseni kiunoni, nimewaka. Nikamsimamisha mbele ya kiti. "Haya, mwambie Babu ulichoniambia." Baba akapunguza redio, akainua uso, akatabasamu. Hakuwa na ukali wowote, nisimsingizie. "Enhe, Utingo wangu. Sema tu, usiogope. Njia ya mwongo ni fupi." Mtoto akamtazama, akatazama redio, akanitazama mimi, akasema, "Nimemwambia Mama nataka viatu vipya." Na viatu alikuwa navyo, vya mwezi ule ule, havijapata hata mkunjo! Baba akacheka, akaahidi kumnunulia. Mimi mkono ulinichezacheza, nusura nimzabe kibao kwa kunifanya mwongo.

Kisha nikajiambia, mtoto ni mtoto, nitasema mwenyewe. Nikasimama pale pale, nikasema, "Baba, kuna jambo nataka kukwambia." Akaniangalia. Unalijua lile jicho; hata likiwa halioni, linaangalia. Nikasema, "Chai ipo tayari." Mimi, mama mtu, mwenye mvi kichwani! Hasira zangu kwa mtoto ziliishia hapo.

Shangazi naye alipita kutusalimu. Unajua ukunga haujamtoka ingawa amestaafu, anamwangalia kila mtu kama anataka kumpima. Alimwona Baba akimimina sukari pembeni ya kikombe, juu ya kitambaa, na kukoroga. Akamwambia waziwazi, "Ndugu yangu, macho yako yana ukungu. Huo ni mtoto wa jicho, hospitali wanautoa, unarudi nyumbani." Nikashukuru moyoni, nikasema leo pamepasuka. Baba akajibu kwa upole, "Muulize Utingo. Ndiye ninayeendesha naye kila siku." Shangazi akamgeukia mtoto, na mtoto, amesimama katikati ya wazee wawili, akasema bila kupepesa, "Babu anaona mbali kuliko mimi." Shangazi akapiga paja. "Basi yameisha. Mtoto hasemi uongo."

Aliyetunga maneno hayo hakulea. Mtoto anasema kile ambacho uso wa mkubwa unamwomba aseme. Wewe na mimi tulifanya nini? Unaikumbuka chupa ya chai ya marehemu Mama, ile ya maua? Baba alitupanga ukutani, akasema, "Atakayesema kweli simgusi," akatukodolea macho mpaka ukasema, "Ni mimi." Akakusifu! Mpaka leo wageni wakija anawahadithia, "Mwanangu yule tangu mdogo hajui uongo, alivunja chupa akasema mwenyewe." Na aliyevunja ni paka, Kaka. Tulimwona wote wawili. Ulikiri kosa la paka kwa sababu Baba alitaka mtu wa kukiri, na paka hakuwepo ukutani.

Sasa nije kwenye lenyewe. Alhamisi iliyopita kibasi kimegonga.

Usiruke, hakuna aliyeumia sana. Shule wamejenga nguzo mpya ya zege langoni, watundike kibao chao. Njia ile Baba anaijua kwa kichwa, kila tuta na kila shimo, lakini nguzo ile haikuwemo kichwani. Alikata kona kama siku zote, akaivaa. Bampa limekunjika, taa moja imekwenda, kioo cha mbele kimepasuka kama ramani. Watoto wamepata vinundu. Mmoja aling'oka jino, nalo lilikuwa la utoto lililokwisha kulegea, akashangilia kuliko kulia. Baba usukani ulimgonga kifua. Mpaka leo anakohoa kwa kujificha.

Alishuka akasema, "Breki zimekataa." Mwalimu mkuu akasema breki. Wazazi wakaja wakampa pole, wakasema jamani breki. Fundi wa gereji, kijana ambaye Baba ndiye aliyemfundisha kushika spana, alikagua, akasimama mbele yake akasema, "Ndiyo, mzee, palikuwa na hewa kidogo." Nilipomtoa hadi nje akaninong'oneza, "Dada, breki ni nzima kabisa. Ningemwambiaje mzee?" Nikamwambia hata mimi sijui.

Jioni ile Baba alimvuta Utingo karibu, akamtania. "Utingo wangu, leo ulisinzia, eh?" Mtoto akasema, "Nilisinzia, Babu." Baba akampapasa kichwa. "Si neno. Hata mautingo wakubwa husinzia." Nikamwona mwanangu anaweka kijiko chini. Tangu hapo chakula anakigeuzageuza tu.

Ijumaa nikafua mashuka yaliyokuwa safi. Nikayaanika yote, nikasimama upande wangu, nikangoja. Akaja mwenyewe, akasimama upande wake.

"Sikusinzia," akasema. "Niliiona nguzo toka mbali. Nilinyamaza."

Nikamuuliza kwa nini, na sauti yangu sikuitambua.

"Nikiwa mbele ya Babu mdomo hausemi. Nikafikiri akigusa kidogo tu, nyinyi wakubwa mtaona wenyewe. Sikujua kitapiga kishindo vile." Nikamsikia anavuta kamasi. "Na bado hamkuona. Mmesema breki."

Nililia, Kaka. Nilijifuta kwa shuka lililolowa, nikalia tena. Mtoto ameshindwa kutuambia kwa maneno, akatuambia kwa zege, na sisi watu wazima tukasikia breki.

Sasa niko hivi nilivyo. Kesho asubuhi fundi analeta kibasi. Baba viatu vyake ameshavipiga rangi, na sare ya Utingo imepigwa pasi, inaning'inia mlangoni, naiona nikiinua kichwa. Nikimtoa mtoto kiti cha mbele, mzee ataendesha gizani na watoto wa watu nyuma. Nikimwacha pale, siku moja atapiga chafya. Nikienda kwa mwalimu mkuu kwa kificho, nitakuwa nimemvua baba yangu nguo mbele ya watu, na jioni narudi kulala wapi? Hapa hapa, mbele ya kiti hiki hiki. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu; sisi tumesikia la mkuu mpaka guu limekaribia kuvunjika.

Nilimwomba fundi aseme kipuri kimekosekana. Akasema, "Dada, mzee akija gereji akiniangalia, nitaongea tu." Kwa hiyo mpango wangu wa kesho ndio huu: akishaletewa ufunguo nitauiba, niutumbukize kwenye kopo la vifungo, nimwambie sijauona. Umeniona? Mama mzima, na akili yangu yote imeishia kwenye kopo la vifungo.

Ndiyo maana nakuandikia. Kibasi ni chako, ulikinunua wewe, na kwako Baba ana sikio. Barua hii itachelewa, najua, lakini ikifika tu mpigie, mwambie umeamua kuajiri dereva, naye ashughulikie macho. Sema ni wazo lako. Sema umeota. Ila, tafadhali sana Kaka yangu, usimwambie kwamba mimi

Ngoja. Ananiita.

Nimerudi. Kaa chini nikuhadithie.

Baba alipunguza sauti ya redio kidogo, akasema, "Unamwandikia nani kitabu chote hicho?"

"Kaka."

"Umemsalimu kwa niaba yangu?"

"Nimemsalimu, Baba."

"Basi nisomee nisikie."

Nikaanza kutapatapa. Mara mwandiko wangu mbaya, mara nina kanzu ya mteja inasubiri pindo. Akacheka. "Wewe! Mwandiko wako ulikuwa unamshinda mwalimu. Haya, pumzika. Utingo! Njoo umsomee Babu." Akanyoosha mkono mezani, akapapasa, akazipata karatasi kabla sijazikumbatia, akampa mtoto. Alizinyoosha pembeni kidogo ya pale mtoto aliposimama. Utingo akasogea hadi mkono ulipo, akazipokea, kama kazi yake ya kila siku.

Akasoma kwanza kwa macho. Nilijua alipofika kwenye mashuka. Masikio yakamwiva. Nikasema moyoni, yamekwisha, Mungu nisitiri. Kisha akakohoa kidogo, akaanza kwa sauti.

"Mpendwa Kaka, salamu nyingi sana. Sisi hatujambo sote. Baba hajambo, anakula vizuri. Macho yake ni mazuri sana. Kibasi kinarudi kesho, kimetengenezwa breki. Utingo anasoma kwa bidii, amekuwa wa tano darasani. Cherehani inafanya kazi. Baba anakukumbuka kila siku na anasema ule vizuri."

Aliendelea hivyo hivyo. Hata kurasa alizigeuza kwa wakati wake. Alisita mahali ambapo mtu husita akisoma mwandiko wa mtu, akarudia neno moja kana kwamba hakuliona vizuri. Baba alikuwa anatikisa kichwa, anasema "enhe, enhe." Nikamtazama mwanangu anavyodanganya, na, Kaka, anadanganya vizuri mno. Hana kigugumizi. Anadanganya kwa mapenzi. Na macho yake, huku mdomo ukisoma, yalikuwa kwangu, yananiuliza kama anafanya vizuri.

Hilo sikuliweza. Mengine yote niliyaweza, hilo hapana.

Nikasimama, kiti kikaanguka. Nikamnyang'anya karatasi. Nikasema, "Sivyo nilivyoandika, Baba. Nitasoma mwenyewe," na kabla hajanigeuzia lile jicho nikatazama karatasi, nikaanza tangu mwanzo.

Kwenye miguu yako alitabasamu, akasema, "Kandwa, kweli." Kwenye spika alinyoosha mkono akazima redio. Nikasoma ya kamba ya nguo. Nikasoma ya viatu, ya chai, ya Shangazi na sukari. Nilipofika kwa paka akauliza, "Paka?"

"Paka, Baba."

"Na hadithi ile nimeihadithia mpaka misibani."

Utingo alikuwa amejibanza nyuma ya cherehani, amefunika masikio kwa viganja. Nikasoma nguzo. Nikasoma "na bado hamkuona." Sauti ilinikatika mara ngapi sijui, nikaiokota nikaendelea. Nilisoma hata kopo la vifungo. Nilisoma hata "usimwambie kwamba mimi," nikasimama hapo, kwa sababu karatasi ilikuwa imeishia hapo.

Baba alikaa. Mikono juu ya magoti, uso kuelekea dirishani. Nikadhani atanifukuza, na nikawa nahesabu nguo zangu kichwani.

Akasema, taratibu, "Utingo. Mbona wewe ulisoma mengine?"

Mtoto akatokeza kichwa. "Kwa sababu ulikuwepo, Babu."

Kaka, nguzo ile haikumgonga hivyo. Akauliza tena, "Na mama yako je? Aliposoma yeye, mimi sikuwepo?"

"Mama ni mkubwa," akasema Utingo.

Nilitaka kucheka na kulia. Mkubwa! Mkubwa nimekuwa leo hii, saa hii, na magoti yangu bado hayajapata habari.

Baba akauliza, "Kesho kibasi kikija, ataendesha nani?"

Nikasema, "Si wewe, Baba." Nilisema nikimtazama usoni. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu, lakini ilitoka.

Aliinuka, akashika ukuta, akashika meza, akapita, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Mchana kweupe, kiti kitupu. Tukabaki tunakitazama, mimi na mtoto, hakuna aliyethubutu hata kuigusa ile kanzu ya mteja. Nilisema moyoni, nimemvunja baba yangu. Nilijuta, sikufichi. Kama kungekuwa na njia ya kuyarudisha maneno mdomoni ningeyameza.

Kisha, toka ndani, mlango ukiwa umefungwa, tukasikia, "Utingo!"

Mtoto akaruka wima kwa mazoea. "Naam, Babu!"

"Mwambie mama yako aandike. Breki zilikuwa nzima." Tukasikia kitanda kinalia, amekaa. "Nguzo sikuiona."

Kumbe naye alihitaji shuka lake.

Basi nimeandika, kama alivyosema. Hajatoka bado, nami sijagonga. Kesho alfajiri nakwenda kwa mwalimu mkuu, waziwazi na kwa uso wangu, na wazazi nitawaambia mmoja mmoja. Fundi nitamwambia akae na kibasi. Shangazi nitamwita ampeleke hospitali, na safari hii asimuulize mtoto, aulize macho yenyewe. Atakubali? Sijui. Huenda akitoka chumbani atakuwa yule yule, atasema breki, nami nitahitaji kuwa mkubwa tena, na tena, na si kazi nyepesi. Kwa hiyo ile sentensi yangu iliyokatika naimalizia hivi: mwambie kwamba mimi nimekuandikia. Mwambie yote. Dereva mtafute, kibasi kisilale, lakini usiseme umeota.

Na ukipiga simu, Kaka, ukataze spika. Omba kuongea na kila mtu peke yake. Anza na Baba. Uwe mpole, na ukipata nafasi umwombe radhi kwa niaba ya paka.

Msalimu sana wifi, mwambie mikono yake isichoke na miguu yako. Wabusu wanangu wote wawili. Wakivunja kitu, ondoka kwanza chumbani ndipo uulize. Utingo anakusalimu, Mjomba. Yuko jikoni, anakula wali wa jana kwenye sufuria, kwa mkono, na nimemwacha. Shangazi nitampa salamu zako akija. Baba hajakutumia salamu, amekutumia yale niliyoandika hapo juu, nawe utajua uzito wake.

Mungu akupe nguvu za kusimama na mahali pa kuketi, akulinde huko ugenini, na akurudishe nyumbani ungali na macho ya kutuona.

Ni mimi dada yako akupendaye,
mkubwa tangu leo.